Mikono Iliyomzalisha Dada

Mjomba aliponitaka nimdanganye dada yangu, nilikubali. Hakunishika koo. Tulikuwa tumesimama nje ya kliniki ya Kibiti, chini ya upenu, dada yuko ndani anajifunga kanga zake, na nesi ametoka sasa hivi kutueleza hali ilivyo. Mtoto amekaa kichwa juu, matako chini. Mimba yenyewe ni ya kwanza. Mwezi wa mwisho mama asibaki kisiwani, akae hapa Kibiti, azalie mikononi mwake yeye nesi, na mambo yakizidi lipo gari la kumpeleka hospitali. Alisema taratibu, akarudia, kisha akanitazama mimi.

"Mwalimu, wewe ndiye mdomo wake. Mweleze kama nilivyosema."

Akaingia ndani. Mjomba akangoja mlango ufungwe.

"Usimwambie hayo."

"Mjomba, si umesikia mwenyewe?"

"Nimesikia. Mpunga unaiva. Nani atakaa naye huku Kibiti, mama yako au mkeo? Halafu nguruwe tuwaachie shamba? Na mtoto wa kwanza kwetu huzaliwa kwao, mikononi mwa bibi aliyewapokea nyinyi nyote. Bibi yule hajatupotezea mtu."

"Basi tumwambie kweli, achague mwenyewe."

"Ukimwambia hatoki hapa. Wamjua. Atakaa chini kama kinu. Mwambie mambo mema twende zetu, tuwahi maji kabla hayajakupwa."

Dada akatoka. Akaniuliza kwa mikono: nesi amesema nini? Kabla sijajibu akaongeza la kwake. Akaweka kiganja chini ya mbavu, akakunja ngumi pale pale, akaizungusha. Alinionyesha hivi, akasema. Kichwa kiko juu?

Alikuwa ameona. Nesi hakujua lugha yetu, lakini alikuwa amemwonyesha kadiri alivyoweza, na dada macho yake hayakupitwa na kitu. Nikatikisa kichwa. Nikamwambia: hapana, mtoto mzima, wewe mzima, utazalia nyumbani. Akanitazama mikono, akanitazama uso, akacheka, akakaza kanga. Aliamini mikono yangu, akaliacha aliloliona kwa macho yake.

Nisimtwike mjomba mzigo wote. Alitulea baba alipokufa, na mtu aliyekulea kumpinga ni kazi. Lakini nilikuwa na sababu yangu pia, nayo nimeificha muda mrefu. Nilikuwa mwalimu Kibiti, kijana niliyesoma sekondari, na wakati ule wa Mwingereza waliosoma sekondari kwetu walikuwa wa kuonyeshana kwa kidole. Nilivaa soksi ndefu. Kama dada angekaa Kibiti angekaa nyumbani kwangu, na mimi ningeonekana kila siku barazani nikirusha mikono na kukunja uso kama mtu anayefukuza nyuki, wanafunzi wangu wanapita. Sikutaka. Neno la mjomba lilinifaa, nikajifanya ni utii.

*

Dada alinitangulia kuzaliwa. Alizaliwa kiziwi. Kisiwani walimwita Bubu, bila ubaya, kama wanavyoitwa watu Kilema au Mrefu, lakini nyumbani hakuna aliyemwita hivyo kwa sababu hakuna aliyemwita kwa sauti. Alinibeba mgongoni mama akiwa kwenye kukausha kamba wa baharini, na kwa kuwa yeye ndiye niliyekuwa naye mchana kutwa, nilijua kusema kwa mikono kabla sijajua kusema kwa mdomo. Mama aliniambia kwamba nilipokuwa mchanga nikiona njaa sikulia, nilivuta kidevu. Vidole viwili vikivuta kidevu ndiyo njaa ya nyumba yetu mpaka leo.

Lugha ile tuliitunga sisi wawili. Mama aliijua ya jikoni na shambani. Mjomba hakuijua kabisa. Alipotaka kumwambia jambo aliniita mimi. Mume wa dada, mkata mikoko, mtu mpole mwenye mabega kama mlango, aliijua ya mapenzi na ya chakula, akasema inamtosha. Yale marefu, ya jana na kesho, ya kwa nini na ingekuwaje, dada aliyapata kwangu peke yangu. Nilipokuwa shuleni mbali hakuwa na mtu wa kusema naye marefu. Nikirudi likizo alinikalisha chini, akasema kutwa nzima hata chakula kikapoa, na mama akatuambia, "Mnatia upepo nyumba yangu."

Kulikuwa na jambo moja nisiloweza kumpa. Wasichana wa rika lake walipowekwa ndani na kufundwa, yeye aliwekwa ndani lakini hakufundwa. Mafunzo yale yako katika nyimbo. Kungwi alimwambia mama, "Huyu nitamwimbiaje? Nitamcheza, nimtoe, yatosha." Basi alichezwa ngoma asiyoisikia, akatolewa na kanga mpya, na yaliyokuwamo ndani ya nyimbo, ya mwanamke na mwili wake, ya mimba na uzazi, hakuyapata. Mwenye lugha yake nilikuwa mimi, na mimi mwanamume; hayo si ya kwangu kuyajua, seuze kumfundisha dada yangu. Kwa hiyo aliolewa, akashika mimba, na hakuna aliyewahi kumweleza mtoto hutokaje.

Aliyemweleza ni mke wangu.

Mke wangu kwao ni watu wa vilimani kusini waliohamia Kibiti kulima. Alikuwa msemaji sana. Nilipomleta kisiwani mara ya kwanza aliniuliza, "Wifi yangu yuko vipi?"

"Hasikii."

"Hilo nimeambiwa. Nauliza yuko vipi. Mcheshi? Mchoyo?"

"Mcheshi."

"Basi nifundishe matusi yake kwanza. Mengine nitayaokota."

Nilimfundisha machache, kwa haya. Mengine aliyaokota kweli, kwa sababu kwetu mtu na wifi yake ni watani, na utani hauwezi kusubiri mkalimani. Walinisema mbele yangu. Dada alimwonyesha nilivyokuwa nikitembea na soksi zangu, miguu imekakamaa kama korongo, na mke wangu akaanguka mkekani kwa kicheko. Hata mwaka haukuisha, akawa anajua karibu kama mimi. Sikufurahi sana. Nilikuwa nimezoea kuwa wa pekee.

*

Tulirudi kisiwani, dada na mjomba na mimi, na mimi nikarejea Kibiti kazini. Mke wangu siku ile ya kliniki alikuwa kwa baba yake, hakusikia alilosema nesi. Aliponiuliza nikamwambia lile lile: mzima. Shule ikafungwa kwa mavuno, tukaenda wote kisiwani.

Mpunga wa delta hulindwa. Ukiiva, watu huhama nyumba zao, hukaa shambani katika madungu, vibanda vya juu ya miti mirefu, ili maji yakipanda yapite chini na nguruwe waonekane wakija. Dada na mke wangu walipewa dungu moja. Mchana walitupa udongo kufukuza ndege, na katikati ya ndege na ndege walisema. Huko juu ndiko dada alikofundwa. Niliona kwa mbali mikono ya mke wangu ikienda, na ya dada ikisimama, ikiuliza, ikisimama tena. Nilipokaribia na chakula, mke wangu aliita kutoka juu.

"Weka hapo chini, baba. Darasa hili si lako."

"Mnasema nini?"

"Tunasema wewe."

Mchana mwingine dada alimfundisha yeye. Mke wangu mtu wa nchi kavu, mtumbwi aliuogopa, na dada alikuwa fundi wa pondo kuliko wanaume wengi. Alimpandisha mtumbwini maji yakiwa yamekupwa, chombo kimekalia tope, akampa ule mti mrefu asukume. Mke wangu akasukuma kwa nguvu zake zote. Mtumbwi haukwenda, pondo likazama topeni, yeye nusura alifuate. Dada alicheka mpaka akashika tumbo, kisha akamwonyesha. Kiganja chini, kimelala, karibu na goti: maji bado. Ukisukuma sasa utavunja mti na kujichosha bure. Kiganja kikapanda polepole: yanakuja, pumua, tazama. Kiganja kifuani: yamejaa. Hapo ndipo akakunja ngumi mbili moja juu ya nyingine na kusukuma kwenda chini na nyuma, kwa mwili mzima. Nilikuwa ukingoni nikatazama, nikaona ni mchezo wa mtu na wifi yake.

Uchungu ulimshika dada shambani, siku mpunga wa upande wa mashariki ulipokuwa unakatwa, jua likiwa linachomoza. Mke wangu alimshusha dunguni, na yule bibi mkunga akaitwa. Akampima. Akakaa kitako kidogo, akampima tena, akatoka nje ya ua wa makuti uliowekwa kuwasitiri, akaja tulipokuwa, mjomba, mume wa dada na mimi.

"Huyu anatanguliza matako," akasema. "Nimewahi kupokea wa hivyo. Nimewapokea na nimewazika. Mwenye kuzaa lazima asikie ninalomwambia, na huyu hanisikii. Anataka kusukuma, na njia bado."

Mume wa dada alinitazama.

"Shemeji, si mlikwenda Kibiti? Nesi hakuona?"

Nikasema. Sikuwa na pa kupita. Nikasema nesi aliona, na alitaka dada akae Kibiti, na hatukumwambia mwenyewe.

Bibi yule alikuwa mzee mdogo, mkavu, mwenye macho ya maji. Alimgeukia mjomba.

"Mlijua?"

Mjomba akatazama mpunga.

"Mlijua, mkaniletea mimi?" akasema bibi. "Mngeniuliza ningemfunga mizigo mimi mwenyewe nikamsindikiza. Mimi nimewaambia lini kwamba naweza kila kitu?" Akajitanda kanga. "Leteni mtumbwi. Maji yako wapi?"

Maji yalikuwa yanajaa. Mume wa dada na mimi tulishika pondo, mjomba akakaa nyuma na kasia, dada akalazwa katikati juu ya mkeka, kichwa chake mapajani mwa mke wangu na bibi miguuni. Tulipita mkondo mwembamba, mikoko pande zote, na dada alikuwa akinitazama. Kati ya uchungu na uchungu aliinua mkono. Kuna nini? akaniuliza. Ulisema mzima.

Nilikuwa na pondo mikononi. Ndiyo sababu niliyojipa ya kutomjibu. Nikatazama maji.

Bandarini tulikuta lori la boriti likipakiwa. Dereva alimwona dada, akawaambia wapakiaji washushe walizokwisha kupakia, wakatandika makuti na magunia. Barabara ya Kibiti ilikuwa mashimo matupu. Kila lori liliporuka, mwili wa dada ulitaka kusukuma, na nilimwona mke wangu ameinama juu yake, kiganja kimelala chini, karibu na sakafu ya lori, hakiondoki. Maji bado. Maji bado. Dada akakikazia macho kiganja kile kama mtu anayetazama kamba asianguke kisimani, akapumua, akaacha uchungu upite. Nilielewa hapo kwamba ule haukuwa mchezo tena.

*

Nesi alitupokea alasiri. Hakutugombeza. Aliwachukua wanawake wale watatu, akanifungia mlango usoni, kama ilivyo ada. Mimi, mjomba na mume wa dada tukabaki nje, upande wa dirisha ambalo bawaba zake hazikukaza vizuri. Hatukuona kitu, na haikupasa. Tulisikia.

Mtu aliyekaa nje ya chumba cha uzazi anajua sauti zake: mzazi analia, wakunga wanampigia makelele, vumilia, sukuma, usikaze, na mwanamume nje hajui achukue lipi. Chumba hiki hakikuwa hivyo. Sauti ya nesi ilisema jambo moja, kwa utulivu, kisha kimya. Kisha jambo jingine, kisha kimya. Dada alikuwa na sauti yake ya kooni, nzito, akiumwa ikatoka, lakini kati ya hapo kimya kilikuwa kirefu kiasi kwamba mjomba alishindwa kukistahimili.

"Mbona wamenyamaza?"

"Wanasema, mjomba."

"Wanasema wapi? Sisikii."

"Kwa mikono."

Akaingiza tasbihi mfukoni, akaitoa tena. "Miaka yote ile," akasema, "nilidhani mnacheza."

Tukasikia nesi: "Mwambie asisukume. Ajizuie hata akiona anakufa." Kimya. "Ameelewa?"

"Ameelewa," mke wangu akasema. "Anauliza mpaka lini."

"Mpaka nitakapomwambia."

"Hilo siwezi kumwambia, dada nesi, hatalikubali. Nieleze njia ilipofika, nitamwonyesha maji yalipo."

Nesi akauliza, "Maji gani?"

"Wewe nieleze tu."

Nesi akaeleza. Tangu hapo nilisikia nesi akisema, "Goti," au "Juu kidogo ya goti," na baadaye, "Kiunoni sasa." Alishika upesi. Alikuwa akipima na kusema maji yamefika wapi, na najua mkono wa mke wangu ulipanda mpaka pale pale, si juu wala chini, na dada akajua kitu ambacho wazazi wengi wenye masikio hawakijui, yaani safari imebaki kiasi gani. Hakuna aliyemwambia bado kidogo ilhali safari imebaki ndefu.

"Bibi, mshike mguu huu," nesi akasema. Na bibi wetu wa kisiwani, aliyezalisha watu kabla nesi hajazaliwa, akajibu, "Haya, mwanangu." Walifanya kazi pamoja, wale wawili, sikusikia wakibishana.

Kisha nesi akasema, "Kifuani. Maji yamejaa. Mwambie."

Mume wa dada alisimama. Ndani sikusikia mtu akipiga kelele ya kumhimiza. Nilisikia kitanda. Nilisikia pumzi ya dada, ile pumzi ya mwanamke anayeng'oa mtumbwi topeni, naijua tangu utoto. Nilikuwa nikikaa mbele ya mtumbwi, yeye nyuma, na kila msukumo niliusikia mgongoni mwangu. Ikaja, ikaisha. Nesi: "Apumzike. Matako yametoka. Asisukume sasa, amwache mtoto ashuke mwenyewe." Kimya. "Tena." Pumzi. "Mabega. Mwambie hii ndiyo ya mwisho, kichwa, na asiikatize katikati."

Sijui mke wangu alimwambiaje hilo. Baadaye alinieleza kwamba alimpandia kitandani, akakutanisha ngumi zake na za dada, nne kwenye pondo moja, wakasukuma pamoja.

Mtoto alilia. Alilia kwa hasira, sauti imejaa chumba. Mjomba akakaa chini mchangani, akafunika uso kwa kofia yake. Mume wa dada akamshika dereva wa lori, ambaye hakuwa ameondoka, akamkumbatia, kwa kuwa ndiye aliyekuwa karibu.

Ndani mke wangu alikuwa anacheka na kulia. "Anauliza, mtoto analia?" akamwambia nesi. "Nimemwambia analia vibaya mno, kama kaka yake huyu mama."

Alikuwa mtoto wa kike. Nesi akatoka mlangoni, amefunga kitambaa kichwani, jasho linamtiririka. "Wote wazima," akasema. "Mama hajachanika. Nimezalisha wasomi na wake za wakubwa bomani, sijapata mzazi anayesikiliza kama huyu."

Hilo neno, kusikiliza, mjomba alilirudia kisiwani mwaka mzima kwa kila aliyekuja kumpa hongera.

*

Kabla sijaitwa kuingia, mambo mengine yalipita chumbani ambayo nimeyajua kwa mke wangu. Nesi alipokwisha kumfunga mtoto alimwuliza dada, kwa upole, kwa nini hakubaki Kibiti kama alivyoambiwa. Mke wangu hakujua kulikuwa na la kuficha. Akamwonyesha neno kwa neno. Dada akamwuliza, niliambiwa nini? Mke wangu akamwuliza nesi, nesi akaeleza upya: kichwa juu, akae Kibiti, nilimwambia kaka yake. Na hapo mke wangu akajua, lakini neno lilikuwa limekwisha kutolewa, na yeye si mtu wa kukata neno la mwingine vipande. Akalimaliza. Kichwa kilikuwa juu. Nesi alimwambia kaka yako.

Nilipoingia dada alikuwa amefunikwa vizuri, mtoto ubavuni. Mke wangu hakunitazama. Niliinua mikono, nikaanza: hongera, dada, Mungu ametu—

Alinitazama mikono mpaka nilipofika hapo. Kisha akafumba macho. Hakugeuka wala hakukunja uso. Aliyafumba tu, kama mtu anayefunga dirisha la nyumba yake.

Nilidhani amechoka.

*

Mengi mema yametoka katika siku ile, na nitayaeleza kwa sababu yalikuwa makubwa kuliko mimi.

Kabla mtoto wa dada hajaanza kutambaa, mwanamume mmoja alitoka pande za Mbwara na mkewe juu ya baiskeli. Mkewe kiziwi, ana mimba, na mtu huyu alikuwa amesikia kwamba Kibiti yuko nesi anayezalisha mabubu kwa kutumia maji. Nesi akamwita mke wangu. Mke wangu akaenda, akarudi, akaniambia, "Mimi sitoshi. Mikono ya huyu mwanamke ni mingine. Mpelekee habari wifi yangu."

Dada alikuja na mtoto mgongoni. Niliwaona wakikutana uani kwangu. Yule wa Mbwara alikuwa na lugha ya nyumbani kwao, ya watu wa mashamba, hajui pondo wala tope. Kwa muda walitazamana tu. Kisha dada akashika tumbo la mwenzake, akashika la kwake lililokuwa tupu sasa, akaonyesha mtoto, akafanya uso wa maumivu makubwa mno mpaka yule mwanamke akacheka, na baada ya hapo sikuweza kuwafuata. Kufika jioni walikuwa wakisema kama majirani wa zamani. Walitafuta neno la kusukuma, wakalipata kwenye mlango wa zizi la mbuzi. Neno la kusubiri wakalipata kwenye chungu: moto, mvuke, usifunue. Dada alikaa naye mpaka alipojifungua. Alikaa nyuma yake kitandani, kifua chake mgongoni mwake, ili pumzi yake isikike mwilini, na mke wangu alisimama mbele akitoa maneno ya nesi. Mtoto akatoka salama.

Wakaja wengine, kutoka Ikwiriri na vijiji vya mtoni. Nesi alijifunza mikono mpaka akawa anaitumia hata kwa wanaosikia. Alisema mwanamke mwenye uchungu haelewi kelele lakini anaelewa kiganja. Wanawake wa Kibiti waliokuwa wakimcheka dada sokoni, bubu anazalisha mabubu, walianza kumwomba aje kwa binti zao wenye masikio yao mawili. Aliwajibu kwa ishara ambayo mke wangu hakukubali kunitafsiria, kisha akaenda.

Na kungwi, yule aliyesema nitamwimbiaje, alikuja mwenyewe nyumbani kwa mama. Palikuwa na msichana kiziwi kisiwa cha pili, amewekwa ndani. Alimwomba dada aingie. Dada akaingia, na siku msichana yule alipotoka nilimwona mama yake akimbusu dada mikono, kiganja na kiganja, mbele za watu. Nikamwuliza mke wangu, dada alimfundisha nini msichana yule.

"Uliza utakapofundwa wewe," akasema.

Dada alitembea wima baada ya hapo. Mumewe alijifunza yale marefu hatimaye, na binti yao aliyajua kabla ya kujua kusema, kama mimi. Nyumba yao kisiwani ilikuwa nyumba ya mikono. Ukiingia unaona mazungumzo pande zote. Watu waliacha kumwita Bubu. Walimwita Mama Kiganja, na hata mashekhe walipopita walisimama kumwamkia.

Mjomba, dada alimsamehe. Alikwenda kwake akiwa na mke wangu wa kumfasiria, akasema kosa lake, na dada akampa maji ya kunywa na samaki wa kuchoma. Mke wangu alimwuliza, mbona kaka yako humsamehi? Dada akajibu, na hili mke wangu alinieleza kwa sababu dada alitaka nielezwe: Mjomba hakuniambia kitu. Yeye hana lugha yangu. Aliyeniambia ni yule. Niliona kwa macho yangu kichwa kiko juu, nikayakanusha macho yangu kwa ajili ya mikono yake.

Nilijaribu. Nilikwenda kisiwani kila likizo. Alinipa chakula, alinitandikia kitanda, alimtuma binti yake aniletee maji ya kuoga. Nikiinua mikono alifumba macho. Nikingoja afumbue alinipita akaendelea na kazi. Nilimwandikia kwa kidole mchangani siku moja, ingawa hakujua kusoma, kwa kuwa sikuwa na njia nyingine. Akafagia, kwa kuwa alikuwa anafagia uwanja. Alikuja nyumbani kwangu mara nyingi kumzalisha mtu, akakaa sebuleni na mke wangu wakisema na kucheka mpaka chai ikapoa, na mimi nipo nimekaa nao, naelewa kila neno, na hakuna hata moja lililokuwa langu.

Aliishi mpaka uzee. Amezalisha wanawake wengi, amefunda wengi, amezikwa kisiwani na watu waliojaa mitumbwi. Nilikubali neno la mjomba siku ile chini ya upenu, na kwa kulikubali nilimpoteza dada yangu angali hai: tangu alipojifungua mpaka tulipomzika, hakuniambia neno hata moja, wala hakulitazama langu.